Karatasi, subira na eda iliyohama nyumba

Mazungumzo ya talaka yakianza barazani, Unguja au Pemba, pande mbili hujitokeza upesi. Wa kwanza husema ndoa za siku hizi ni nyepesi: kijana kaoa Shaaban, Mfunguo Tatu mke yuko kwao na karatasi ya talaka mkononi, na yote kwa sababu wanawake hawana tena subira ya bibi zetu. Wa pili hujibu kwamba subira hiyo imewamaliza wanawake, na anayeondoka mapema anajiokoa.

Hoja ya bibi zetu mimi inanitia shaka. Ulizeni nasaba za mitaani kwenu: mtakuta ndugu wa mama mmoja na baba watatu. Bibi zetu waliachwa, wakaolewa tena, wala mtaa haukuwanyooshea vidole kama tunavyodhani. Kwa hiyo talaka hatukuizua sisi. Kilichoharibika, kwa ninavyoona, ni namna tunavyogombana kabla yake na namna tunavyoitoa.

Miaka michache nyuma niliitwa kwenye suluhu ya jirani zangu huko Pemba. Upande wa mume walikuja watu watano wakajaa mkekani. Upande wa mke alikuja kaka yake peke yake, katoka kazini na vumbi la saruji bado limo miguuni. Mke alikuwa nyuma ya pazia. Kwa miaka sita fedha zake za mwani ziliingia kwenye matofali ya nyumba iliyo juu ya kiwanja cha mume, na sasa mume anataka kuoa mke wa pili amuweke humo. Wazee wakanasihi saa nzima juu ya subira na heshima ya mume. Walipomaliza, sauti ikatoka nyuma ya pazia: "Na matofali yangu je?" Hakuna aliyemjibu. Mwezi haukwisha wakaachana.

Wanaotetea subira wana haki kwa kiasi chao. Ndoa nyingi zinavunjika kwa hasira ya usiku mmoja, na watoto ndio wanaobaki kuhangaishwa huku na huku. Lakini kumtaka mmoja anyamaze hakuwi suluhu. Aya ya 35 ya Surat An-Nisaa inataka msuluhishi mmoja wa kwao mume na mmoja wa kwao mke. Mmoja kwa mmoja, na wote wawili wasikilize. Watano kwa mmoja ni kumzingira mtu. Na ugomvi wa mali uzungumzwe kwa jina lake. Sheria ya Mahkama ya Kadhi namba 9 ya 2017 imempa kadhi nafasi ya kusikiliza madai ya mali ya wanandoa pale mtu anapothibitisha mchango wake, lakini ni wanawake wangapi wa mwani wanaoweka risiti ya tofali, tena risiti yenyewe ikiwa imeandikwa jina la mume?

Upande wa pili nao nina neno nao. Kuondoka si dawa ya kila ugomvi, na dini yenyewe imeweka nafasi ya kurudi ambayo tumeiziba kwa mikono yetu. Talaka ya kwanza na ya pili ni rejea: ndani ya eda, yaani muda anaosubiri mke baada ya kuachwa, mume anaweza kumrejea mkewe bila ndoa mpya wala mahari mpya. Na aya ya kwanza ya Surat At-Talaq inakataza kumtoa mke nyumbani mwake katika eda, na yeye mwenyewe asitoke. Sasa tazama tunavyofanya. Karatasi inatolewa asubuhi, alasiri godoro limeshafungwa kamba na kabati limepandishwa garini. Tohara tatu za eda, yaani vipindi vitatu vya usafi baina ya hedhi, ambazo wangezipitisha chini ya paa moja, wanazipitisha yeye kwao na mume kwake, kila mmoja akitiwa maneno na watu wake. Wengine hutamka tatu kwa pamoja, na sisi wafuasi wa madhehebu ya Shafi tunajua zinahesabiwa tatu. Hapo hakuna kurejeana tena.

Hapa simzungumzii anayepigwa. Huyo atoke leo, na akithibitisha madhara kadhi anaweza kuivunja ndoa bila yeye kurudisha hata senti ya mahari. Ninaumia kuona wanawake kama hao wakisukumwa kwenye khului, wajivue kwa fedha zao, na waume wengine wakiwatesa makusudi ili wafike hapo.

Ila kwa ugomvi wa kawaida, wa fedha, wa mawifi, wa simu usiku, nimeona eda ya ndani ikifanya kazi. Kijana mmoja wa mtaani kwetu alitoa talaka moja kwa hasira, na kaka za mke wakaja na gari siku ile ile. Mavyaa akasimama mlangoni, akawaambia kitanda hakitoki mpaka eda ishe, na mwanawe akamwamrisha alale chumba cha uani na aendelee kuleta posho. Wiki ya saba mtoto alipandwa na homa, wakakesha naye wote wawili, na kabla ya alfajiri wakawa wameshaanza kuzungumza. Kijana alimrejea mkewe siku hiyo, mbele ya mama yake na yule kaka mkubwa aliyekuja na gari.