Jina Lake Lilikuwa William

Juma lililopita nilisoma makala ya Kiswahili kuhusu michezo ya zamani ya Marekani, na humo mchezaji wa besiboli William Hoy alitajwa tangu mwanzo hadi mwisho kama "Bubu Hoy", bila kupewa hata mara moja jina alilopewa na wazazi wake. Najua mwandishi hakulibuni. Alilitoa katika magazeti ya Marekani ya miaka ya 1880 na 1890, ambayo yalimwita hivyo kwa Kiingereza kila alipocheza. Kinachoniuma ni kwamba miaka zaidi ya 100 imepita, na sisi tumeichukua lebo ile ya gazeti tukaitafsiri kana kwamba ni jina.

Hoy alipoteza uwezo wa kusikia akiwa na umri wa miaka mitatu hivi, baada ya kuugua homa ya uti wa mgongo. Alisoma katika shule ya viziwi ya jimbo la Ohio, mjini Columbus, akamaliza akiwa wa kwanza darasani, kisha akawa fundi viatu. Mwaka 1888 alijiunga na timu ya Washington, na katika msimu huo wa kwanza aliiba besi 82, yaani alikimbilia kituo kinachofuata bila mpira kupigwa, nyingi kuliko mchezaji mwingine yeyote wa National League, moja ya ligi kuu za wakati huo. Tarehe 19 Juni 1889, akiwa amesimama nyuma kabisa ya uwanja, mara tatu katika mchezo mmoja alirusha mpira ukafika besi ya nyumbani, anapokimbilia mchezaji ili kupata pointi, na kila mara ukamtoa mkimbiaji. Mtu wa namna hiyo gazeti lilimsifu kwa sentensi nzima, na katika sentensi hiyohiyo likamwita bubu.

Nakubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba Hoy mwenyewe alilizoea jina hilo, na inasimuliwa kwamba aliwasahihisha waliomwita William. Hata hivyo, mtu akizoea kutembea na jiwe ndani ya kiatu, aliyelitia jiwe hilo hapati haki ya kusema kwamba haliumizi.

Mtaani kwetu palikuwa na fundi viatu ambaye sote, wakubwa kwa wadogo, tulimwita Bubu. Viatu vyangu vya shule alivishona yeye tangu darasa la kwanza, na ninaikumbuka hata sasa namna alivyokuwa akiulainisha uzi kwa nta kabla ya kuupitisha kwenye sindano. Jina lake nililisikia kwa mara ya kwanza siku ya mazishi yake, nikiwa na miaka 19, likitamkwa na mtoto wa dada yake. Nilisimama pale makaburini nikaona haya kiasi cha kushindwa kuinua uso. Viziwi wa nchi hii wamekwisha kutuonyesha neno wanalolitaka kwa kuliandika katika jina la chama chao, Chama cha Viziwi Tanzania, na hatuna kisingizio.

Katika magazeti yale ya kale palikuwa na sehemu moja iliyomtendea mchezaji haki zaidi kuliko nyingine zote, nayo ni jedwali la matokeo, linaloorodhesha majina ya wachezaji na tarakimu zao, ambalo Henry Chadwick, mwandishi mzaliwa wa Exeter, Uingereza, alilikuza kuliko mtu mwingine yeyote. Ndani yake Hoy alikuwa Hoy tu, na Moses Fleetwood Walker, mdakaji wa timu ya Toledo mwaka 1884, yaani anayekaa nyuma ya mpigaji kuudaka mpira, alikuwa Walker tu. Ukipandisha macho kwenye habari yenyewe, Walker yuleyule aligeuka kuwa "mdakaji mweusi". Frank Grant wa Buffalo, naye mweusi, aliwahi kutajwa kuwa Mhispania, na alipocheza vizuri mno akaitwa "Dunlap mweusi", yaani hata sifa zake zilipaswa kuazimwa kwa mchezaji mweupe.

Kwa muda mrefu niliamini kwamba jedwali halisemi uongo, hadi niliposoma maneno ya Tony Mullane, mrushaji wa Toledo, yaliyochapishwa mwaka 1919. Alikiri kwamba Walker ndiye mdakaji bora kuliko wote aliowahi kucheza nao, ila kwa kuwa hakuwapenda watu weusi, alikuwa akirusha mpira autakao bila kuzitazama ishara ambazo Walker alimpa kumwonyesha mpira wa kurusha. Kumbuka kwamba glavu nene ya mdakaji ilikuwa bado haijaenea. Walker alisimama nyuma ya mpigaji, mikono yake ikiwa karibu mitupu, akiusubiri mpira ambao hakujua utakuja kwa kasi gani wala utapinda upande upi, na uliomponyoka uliweza kuandikwa kwenye jedwali kuwa kosa lake. Gazeti lilihesabu mipira. Nia ya aliyeirusha halikuihesabu, na wasomaji walibaki na tarakimu miaka 35 kabla ya Mullane kusema.

Tarehe 14 Julai 1887 timu ya Newark ilicheza na Chicago, na mrushaji mweusi wa Newark, George Stovey, hakuingia uwanjani. Palitolewa habari kwamba anaumwa. Baadaye ikajulikana kwamba Cap Anson, nahodha wa Chicago, alikataa kucheza dhidi ya mtu mweusi. Siku hiyohiyo viongozi wa International League, ligi ya Newark, walipiga kura ya kutotoa tena mikataba mipya kwa wachezaji weusi.

Mwezi Machi 1888 gazeti la Sporting Life lilichapisha barua iliyoandikwa kwa rais wa ligi nyingine, Tri-State League, ambayo nayo ilikuwa imewafungia mlango wachezaji weusi. Mwandishi wake alitaka mchezaji akikataliwa akataliwe kwa uwezo wake, mwenendo wake au akili yake, si kwa rangi yake. Alikuwa mdogo wake Fleetwood, naye alikuwa amecheza Toledo mwaka 1884. Chini ya barua limechapishwa jina lake kamili, na halikutanguliwa na neno lolote: Weldy W. Walker.