Mtaani Bado Naitwa Nesi

Kila Jumamosi baada ya alasiri, bikizee mmoja jirani yangu hapa Chake, Pemba, hujivuta na ukili wake mpaka barazani kwangu, akakunja mkono wa gauni na kuninyooshea mkono. Hasemi kitu. Maana yake nimpime presha. Mwaka wa nne huu sivai sare, kazi yangu ni kukaa mbele ya kompyuta nikikagua takwimu zinazoletwa na vituo vya afya, lakini kwake hayo si hoja. Siku moja nilimwambia kuwa mimi siku hizi si wa wodini. Akanitazama kama niliyemtukana. "Nesi ni nesi, mwanangu. Kwani mkunga akihama nyumba huacha ukunga?"

Mtaani ndivyo ilivyo. Sheria haioni hivyo, na tulio wengi tuliotoka wodini kwenda maofisini, kwenye miradi, skulini kufundisha, hata mahotelini huko Nungwi na Paje, tunachelewa kulijua hilo.

Tuanze na jambo ambalo hata wauguzi wenyewe hulichanganya. Usajili ni jina lako kuandikwa katika daftari la Baraza la Wauguzi na Wakunga. Leseni ni ruhusa ya kufanya kazi, nayo ina tarehe ya kumalizika. Unaweza kuwa na cheti cha usajili kilichotiwa fremu ukutani, pembeni ya picha ya harusi, na huku huna ruhusa ya kumchoma mtu sindano. Na kwetu kuna la ziada: afya si jambo la Muungano, kwa hiyo Zanzibar ina Baraza lake, na Bara wana lao. Anayewaza kuvuka kwenda kutafuta kazi Dar es Salaam aanze kwa kuuliza masharti ya huko, ndipo akate tiketi ya boti.

Mimi nilipohama wodi niliiacha leseni ife. Sikukusudia. Nilisema nitalipia mwezi ujao, mwezi ujao ukawa Ramadhani, ikaja Idi, zikaja ada za skuli za watoto. Na moyoni nilihisi kama nalipia kodi ya nyumba nisiyolala. Halafu likatoka tangazo la kazi, usimamizi wa mradi wa afya ya mama na mtoto. Kazi ya mezani tupu, hakuna mgonjwa hata mmoja. Sharti: muuguzi mwenye leseni hai.

Nilifika kwenye usaili na bahasha yangu ya plastiki, ile ambayo hukaa kabatini chini ya khanga, inanuka udi. Bwana mmoja mwenye miwani aliichambua karatasi moja moja, akafika kwenye leseni, akaweka kidole juu ya tarehe. Kimya. Kisha akasema, "Hii imekufa, dada."

Miezi mitatu tu. Nilijitetea kuwa kazi yenyewe haina kumgusa mtu. Akajibu kuwa tangazo limesema hai. Nikatoka nimevimba, nikailaumu ofisi ile kwa muda mrefu. Siku hizi nailaumu nusu. Nusu nyingine ni yangu, maana kuihuisha leseni mapema ni safari moja, na kuifufua iliyokwisha kufa ni safari nyingi, na kila safari kuna karatasi unayoambiwa umeisahau.

Basi nikalipa, nikaipata, nikairudisha kwenye bahasha. Nikajiona nimemaliza.

Sikukuu moja ya Idi kituo fulani huku Pemba kilipungukiwa watu, nikaombwa nikasaidie zamu. Leseni hai, kwa nini nisiende? Akaja mama wa mimba ya pili, nikampima, mlango wa kizazi umefunguka sentimita nne. Mkono haukusahau, nilifurahi. Nikanyoosha mkono kuchukua patografu, fomu ya kuchorea mwendo wa uchungu, kwa sababu mimi nilifundishwa kuwa ikifika nne uchungu umekolea, na kuanzia hapo tutarajie sentimita moja kila saa, ikipungua tuanze kuhangaika. Binti wa zamu, mdogo wangu kwa miaka kumi na zaidi, akanivuta pembeni kwa adabu kabisa. "Dada, nne hiyo ya zamani. Siku hizi tunahesabu kuanzia tano."

Nilipofika nyumbani nikasoma. Kweli. Shirika la Afya Duniani lilitoa mapendekezo 2018 kuwa hatua ya uchungu uliokolea ihesabiwe kuanzia sentimita tano, na ile kanuni ya sentimita moja kila saa isitumike kumpimia kila mama, kwa sababu wanawake wengi wazima wa afya hufunguka polepole zaidi ya hapo. 2020 likaleta fomu mpya ya kumfuatilia mzazi isiyo na ule mstari wa tahadhari wa patografu, wa sentimita moja kila saa, tuliouogopa skuli. Hayo si mambo ya karatasi tu. Kwa hesabu yangu ya nne, mama yule angeanza kuhesabiwa amechelewa mapema, na anayehesabiwa amechelewa ndiye anayewekewa dripu ya kuongeza uchungu isiyo ya lazima, au kukimbizwa Mkoani au Wete usiku bila sababu.

Kinachoniuma ni kuwa mimi ndiye ninayekaa na takwimu za akina mama. Kwamba mahudhurio ya kliniki ya wajawazito yaliyopendekezwa yalitoka manne yakawa manane tangu 2016, nilijua, kwa sababu hiyo ni safu kwenye kompyuta yangu. Tano sikuijua, kwa sababu haina safu.

Florence Nightingale, ambaye kila tarehe 12 Mei tunamsherehekea, alipinga wauguzi kuandikishwa katika daftari la serikali. Aliona mtihani na orodha ya majina haviwezi kupima kile hasa kinachomfanya mtu awe muuguzi mwema. Alishindwa. New Zealand ilipitisha sheria ya usajili 1901, Uingereza yenyewe 1919, baada ya mvutano wa miaka mingi. Na ni kheri alishindwa, bila daftari kila mwenye sindano angekuwa nesi. Lakini mwiba aliouacha bado unachoma: daftari linakumbuka siku uliyofaulu. Halijui umefanya nini tangu hapo.

Waingereza wametafuta dawa yake. Tangu Aprili 2016, muuguzi kule kila baada ya miaka mitatu lazima aonyeshe saa 450 za kazi, saa 35 za kujisomea na kuhudhuria mafunzo, maoni matano ya watu aliofanya nao kazi au kuwahudumia, na maandiko matano mafupi ya kutafakari kazi yake. Saa 450 zikigawanywa hazifiki hata tatu kwa wiki. Na hapa ndipo palipo utamu kwa watu kama mimi: si lazima ziwe za wodini. Ukifundisha, ukisimamia, ukitunga sera, ukifanya utafiti, madhali unategemea ujuzi wako wa uuguzi, saa zinahesabiwa.

Hapo nina wivu na mashaka kwa pamoja. Wivu, kwa sababu nikiona kituo kimoja kimeandika vifo vya watoto wachanga sifuri mwezi mzima huku rejista ya leba imejaa, ninayeshtuka ni nesi, si karani. Hiyo ni kazi ya uuguzi, anayebisha aje akae kwenye kiti changu wiki moja. Mashaka, kwa sababu kwa kanuni ile ningeweza kutimiza saa zangu zote kwenye kiyoyozi na bado nikaingia leba na nne yangu.

Ningekuwa na sauti ndani ya Baraza, ningesema saa za mezani zihesabiwe, ila zisitoshe peke yake. Zamu chache kwa mwaka, chini ya msimamizi, kituo chochote kilicho karibu nawe. Tuna hospitali za wilaya zilizojengwa miaka hii ya karibuni, mikono ya kujitolea haitakosa pa kushika. Najua mtakavyosema: nani atatupa ruhusa kazini? Mimi natumia siku za likizo yangu. Si haki, nakubali, na waajiri wetu wanaotaka leseni hai kwenye matangazo yao wangekuwa wa kwanza kutoa siku hizo.

Jambo la dripu za nyumbani nalitaja kwa haraka kwa sababu linanikera. Mtaani mtu akiumwa huitwa nesi wa karibu, hata kama aliacha kazi zamani, amtundikie maji sebuleni. Siku mgonjwa akibadilika, hakuna atakayekumbuka kuwa ulikuja kwa huruma. Kwa dripu na sindano mimi nakataa, hata sasa nikiwa na leseni. Watanisema, na waseme.

Presha napima. Napima kwa mashine ya kujaza upepo kwa mkono na kusikiliza kwa masikio, si ya betri, ili sikio lisilale. Jumamosi iliyopita bikizee wangu alikuwa 160 kwa 100. Nikasubiri, nikarudia, ni ile ile. Nikamwambia Jumatatu aende kituoni.

"Kwani wewe si ndiyo kituo?"

Nikachana karatasi kwenye daftari la mwanangu, nikaandika tarehe, saa na vipimo vyote viwili, nikamkunjia. Akaichomeka ndani ya ukili wake, akaendelea kusuka.