Gharama ya mchanga usiokanyagwa

Mtaa wa Congo, Kariakoo, saa tano asubuhi. Mama mmoja muuza mitandio ndiyo kwanza karudi Dubai na mzigo, na wateja wake wa siku zote wamejaa dukani wanachambua. Binti mmoja kati yao, anayefanya kazi kwa wakala wa safari kule Posta, akasimulia kwamba wana wateja wa hapahapa mjini, mtu na mkewe, wanaoulizia loji ya jangwani hukohuko Dubai: kijumba chenye bwawa lake la kuogelea, mwongozaji wa kwao peke yao, ngamia alfajiri, kipanga wa kuwinda jioni. Alipotaja bei ya usiku mmoja, shilingi milioni nne kasoro kidogo, duka zima likaguna.

"Mwanangu," mama akamwambia huku akikunja mtandio, "mchanga ni mchanga. Mimi nimeuona kwa dirhamu mia na hamsini, chakula humohumo, ngamia nimempanda, na usiku uleule nimerudi Deira nikafunga mizigo."

Hoja hiyo ndiyo ya watu wengi, na ina uzito. Milioni nne hapa kwetu ni kodi ya mwaka ya vyumba viwili Mbagala, na chenji inabaki. Anayezitoa kwa usiku mmoja anaonekana kanunua majivuno. Hata hivyo naamini tunazikosea loji za aina ile tunapozipima kwa kitanda na bwawa. Toa kitanda, toa bwawa, toa chakula: sehemu kubwa ya bei inayobaki ni ya magari ambayo hayapo.

Hiyo jioni ya dirhamu mia na hamsini naijua, nimeshakwenda. Land Cruiser zinazoa watu mahotelini alasiri. Lami inapoishia magari yanasimama kwa safu, madereva wanapiga magoti kupunguza upepo wa matairi mpaka tairi linatanuka na kulala mchangani kama unyayo wa ngamia. Kisha ni kupanda na kuporomoka vilima, abiria wanapiga mayowe, matumbo juu. Nilihesabu magari mpaka arobaini nikaacha. Kambini kuna nyama ya kuchoma, hina, mcheza ngoma, spika kubwa. Watu wanafurahi kwelikweli, na mtu aliyeshinda siku nne kwenye vichochoro vya Deira akipatana bei ana haki ya jioni kama ile. Ila sikuona kilima hata kimoja kisicho na alama za matairi, wala mnyama hata mmoja asiye na kamba.

Mara ya pili kazi ndiyo iliyonipeleka, nikiwa mkalimani wa mgeni aliyelipiwa kila kitu, nikalala usiku mmoja kwenye loji ndani ya hifadhi ya jangwa hukohuko Dubai. Mwongozaji wetu alikuwa kijana wa Kwale, na kusikia Kiswahili cha pwani katikati ya jangwa kulinipa raha yake. Asubuhi alisimamisha gari mbali na mti mmoja mkubwa, mti ambao wenyeji wanauita ghaf, akasema, "Kaka, shuka taratibu." Chini ya mti kulikuwa na vijishimo kama makarai. Akaniambia nitie mkono ndani ya kimoja. Mchanga wa juu ulikuwa umeshaanza kuunguza. Wa shimoni ulikuwa wa ubaridi kama sakafu ya saruji. Choroa, aina ya swala mkubwa wa jangwani, ndiye anayevichimba ili alaze tumbo lake hapo jua likipanda. Na mwenyewe alikuwa amesimama kama mita mia mbili kutoka tulipo, mweupe, pembe zimenyooka, anatutazama. Mgeni wangu alitaka tubaki tupige picha zaidi. Kijana akakataa kwa adabu: kivuli kile ni cha choroa, na kadiri tunavyokaa ndivyo anavyozidi kusimama juani. Tukaondoka.

Jambo hili dogo nimelifikiria sana. Gari moja linaweza kuondoka. Magari arobaini yenye ratiba moja, chakula kinachosubiri na abiria waliolipia mayowe, hayawezi.

Hifadhi hiyo ina kilomita za mraba 225, karibu asilimia 5 ya ardhi yote ya Dubai, na ilitambuliwa kwa sheria mwaka 2003. Loji iliyotangulia ndani yake, Al Maha, ilifunguliwa mwaka 1999, na jina lake ni la Kiarabu lenye maana ya choroa huyohuyo. Kinachonivutia zaidi ni kwamba eneo limegawanywa mara nne: sehemu ambayo binadamu haingii, sehemu ya shughuli chache sana, sehemu ya wageni wa loji, na sehemu ya makampuni ya safari za jioni. Kwa hiyo hata mama wa Mtaa wa Congo ana nafasi yake mle. Aliyelipa kidogo hakufukuzwa, amewekewa mpaka.

Kwa nini mpaka uwe muhimu kiasi hicho? Hapo lazima nizungumzie Oman, maana habari yake hainitoki kichwani.

Choroa wa Arabuni aliisha porini mwaka 1972. Waliomsaka mpaka mwisho walikuwa wawindaji wenye bunduki na magari. Wachache waliokuwa wamehifadhiwa kwenye bustani za wanyama, Marekani na kwingineko, ndio waliozaa kizazi kipya, na mwaka 1982 Oman ikawaachia wa kwanza kwenye tambarare ya Jiddat al-Harasis, watu wa kabila la Harasis wakaajiriwa kuwalinda. Kazi ilifana. Mwaka 1994 eneo likaingizwa kwenye Urithi wa Dunia, na mwaka 1996 choroa walikuwa 450. Kisha majangili wakaanza kuwakamata wazima wazima kuwauza kwa matajiri wenye kufuga wanyama. Mwaka 2007 hifadhi ikapunguzwa kwa asilimia 90 ili mafuta yatafutwe, na UNESCO ikaifuta kwenye orodha yake, eneo la kwanza duniani kufutwa. Choroa walikuwa wamebaki 65, na jozi za kuzaa zipatazo nne tu.

Kutoka 450 hadi jozi nne. Hii ndiyo hesabu ninayoirudia kila ninaposikia kwamba jangwa ni mchanga tu. Mnyama huyo alikuwa na walinzi wanaoijua nchi, alikuwa na jina kubwa la Urithi wa Dunia, na dunia nzima ilikuwa imesherehekea kurudi kwake. Alichokosa ni mtu mwenye daftari la mapato atakayeingia ofisini na kusema: ardhi hii tupu inaingiza kiasi hiki kila mwaka, mkiichimba tunapoteza kiasi hiki. Ardhi isiyo na safu yake kwenye daftari la yeyote huonekana bure, na ya bure hupata wa kuitumia. Wageni wachache wanaolipa sana ni njia mojawapo ya kuupa utupu bei. Sijui nyingine nyingi.

Upande wa pili una mambo ya kweli, na mengine yanauma. Dubai haifanani na sisi: loji ile ilijengwa na shirika la ndege la Emirates, lenye mfuko mnene, choroa wake huongezewa chakula, na mabwawa ya kuogelea katikati ya jangwa ni maji yanayotaka maelezo. Ubaya mkubwa zaidi uko kwenye ardhi. Eneo likishapewa bei kwa ajili ya mgeni, mfugaji aliyekuwa akipita na ng'ombe wake anageuka kero. Sisi hatuhitaji kwenda Arabuni kulielewa hili. Juni 2022 serikali ilipoweka mipaka ya kilomita za mraba 1,500 Loliondo, nchi nzima iliona jinsi neno uhifadhi linavyosikika kwa mtu ambaye malisho yake yako upande wa ndani wa kigingi. Anayetetea loji za kifahari bila kulitaja jambo hilo anatetea nusu.

Lakini ubaya ule hautokani na uchache wa wageni. Unatokana na nani anayemiliki na nani anayegawana. Namibia, nchi ambayo jangwa lake ndilo lililoipa jina, ilitunga sheria mwaka 1996 ikiwapa wanavijiji haki juu ya wanyamapori na utalii kwenye ardhi wanayoishi. Leo jumuiya za wanavijiji hao ni zaidi ya 80, na zinaingia mikataba na wenye loji kwa jina lao wenyewe. Kusini zaidi, hifadhi binafsi ya NamibRand imejiwekea kanuni ya kitanda kimoja kwa kila hekta 1,000, na mwaka 2012 ikatambuliwa kimataifa kwa anga lake lisilo na mwanga wa taa. Kitanda kimoja, hekta elfu! Kwa kanuni hiyo, hoteli ya vitanda hamsini ingehitaji hekta elfu hamsini za kuizunguka.

Huku kwetu hesabu inakwenda kinyume. Tulijiwekea lengo la watalii milioni 5 ifikapo 2025, na mwaka 2024 tulipokea zaidi ya milioni 2.1, tukafurahi kwa kuhesabu vichwa. Julai 2025 zikasambaa picha za watu walioshuka kwenye magari na kujazana kingo za Mto Mara, Serengeti, nyumbu wakitafuta pa kupita. Ni ile jioni ya magari arobaini, safari hii mtoni. Tuna jumuiya zetu za hifadhi ya wanyamapori, WMA, zenye wazo karibu na lile la Namibia, na ningependa kuona wizara ikizipa nguvu ya kusaini mikataba na loji chache za bei kubwa, mgawo wa kijiji ukaandikwa wazi kwenye ubao wa ofisi ya kijiji.

Na mwananchi je? Binti wa Posta aliuliza hivyohivyo pale dukani, na ni swali la haki. Nikawaeleza kwamba hata sisi tuna mchanga wetu, Ngorongoro, karibu na Olduvai: kilima cheusi cha majivu ya Oldoinyo Lengai, urefu wa kwenda juu kama mita tisa, kinachosogezwa na upepo takriban mita 17 kila mwaka. Vimewekwa vigingi kuonyesha kilipokuwa miaka iliyopita. Ukiurusha mchanga wake juu unashikana wenyewe, kwa sababu ya chuma kilichomo. Wamasai wanakiheshimu kilima kile, na hakitavumilia mamia ya watu kukipanda kwa siku.

"Kiingilio shilingi ngapi?" mama akauliza.

Nikamwambia mwananchi ni elfu kumi, na kodi ya ongezeko la thamani.

"Gari je?"

Gari ndilo ghali, nikasema. Kulikodi kutoka Karatu au Arusha kwa siku moja kunazidi kiingilio mara nyingi sana.

Akaweka mtandio juu ya rundo, akachukua simu. "Kwenye kikoba chetu tupo saba. Niulizie bei ya gari la watu saba, mwezi wa tano, kabla wageni hawajajaa."