Deni la dola, mapato ya shilingi

Nimesoma makala inayosifu fedha za kigeni zinazomiminika kwenye kampuni za mikopo ya simu hapa Nairobi, lakini haikugusa sarafu: kampuni hukopa kwa dola na kukusanya shilingi, na hapo ndipo penye mwiba. Kampuni iliyokopa dola milioni 1 mwanzoni mwa 2023 ilipata takribani shilingi milioni 123. Januari 2024 dola moja ilikaribia shilingi 160, deni lile lile likawa milioni 160, riba bado. Mama mboga aliyekopeshwa 5,000 analipa shilingi zile zile, basi pengo linaiangukia kampuni iliyomkopesha, nayo hulisukuma kwenye ada. Wawekezaji, tafadhalini, kopesheni kwa shilingi, au gharama ya kukinga sarafu (kujilinda dhidi ya dola kupanda) iingizwe kwenye hesabu kabla ya kutia saini. Shilingi ilipoimarika baadaye hadi 129 kwa dola, kampuni zilizokwisha kulipa hazikurudishiwa kitu.