Ufagio na tuta langu la mchicha

Alfajiri moja ya mwezi wa nane niliamshwa na ufagio wa chelewa: shwaa, shwaa. Mama mkwe, aliyefika jana yake kutoka Newala, alikuwa ameshamaliza kibaraza na uwanja, sasa yuko kwenye tuta langu la mchicha. Majani ya mkorosho niliyoyaleta kwa bodaboda, viroba vitatu, yote yamekusanywa lundo moja, na kiberiti anacho mkononi.

“Mwanangu, hapa mlangoni pamekuwa pori. Nyoka akiingia je?”

Sikumlaumu. Kwetu uwanja safi ni mchanga mweupe wenye mistari ya ufagio, na mimi nimelelewa hivyohivyo. Ila nasema wazi: ufagio huo na moto unaoufuata ndivyo vinavyotufanya tununue mchicha kwa fungu ilhali ardhi tunayo mlangoni.

Uwanja wangu hapa Chikongola, Mtwara mjini, ni hatua saba kwa nne, mchanga mtupu. Mvua zetu ni za msimu mmoja, zikikatika ndiyo basi, linabaki jua na upepo wa kusi. Mchanga usiofunikwa utaumwagilia asubuhi na jioni na bado una kiu. Matandazo, yaani majani makavu ya kufunika udongo, ndiyo dawa, na yakioza yanageuka mboji.

Kilimo cha namna hii wenyewe wanakiita pamakalcha (permaculture), neno lililobuniwa na Waaustralia wawili, Bill Mollison na David Holmgren, miaka ya 1970. Unapanga bustani iishi kama msitu, ambao hakuna anayeufagia. Jina ni geni, lakini mama mkwe huyuhuyu shambani kwake anachanganya muhogo, kunde na mbaazi, na anajua fika kwamba mbaazi inarutubisha udongo. Akifika nyumbani tu, elimu yote anaiacha nje ya uwanja.

Vyangu si vingi. Mbaazi ukutani, chini yake mchicha na matembele. Mgomba mmoja unaokunywa maji ya bafuni. Mpapai uliojiotea nikauacha. Nyanya zilinishinda, zikanyauka zote, na sitaki kuzisikia tena. Bamia ina adabu zaidi.

Basi saa sita mchana nikamwita. “Mama, hebu gusa hapa.” Pale alipofagia, mchanga ulikuwa unaunguza vidole. Kisha nikamwonyesha kona ambayo hakuifikia. Akapenyeza mkono chini ya majani ya mgomba: ubaridi, unyevu, na nyungunyungu mmoja akijikunja kwa kusumbuliwa.

Newala maji watu wanayajua kwa bei ya ndoo. Alikaa kimya kidogo.

“Hapa umemwagilia lini?”

“Juzi jioni, mama.”

Akainama kwenye lundo, akaanza kurudisha majani tutani kwa mikono, konzi baada ya konzi. Alipomaliza akashika tena ufagio, akafagia njia ya kuingilia peke yake, mpaka mchanga ukawa mweupe.