Sekunde 8 za udi kutoka Amiga 500

Mpiga udi akigusa uzi mnene, mlio hauondoki mara moja. Unapungua, unazidi kupungua, mpaka sikio linabaki likiutafuta. Ni hapo, mlio unapokaribia kuzima, ndipo utakapoijua mashine inayokupigia. Kwenye sauti ya juu kila spika inajitahidi. Uzi unapozima hakuna pa kujificha.

Kwa miezi kadhaa sasa nimekuwa nikirudia sekunde 8 za udi kwenye kompyuta ya Amiga 500, hapa nyumbani Sinza, Dar es Salaam. Kipande chenyewe nimekitoa kwenye kanda ya taarab aliyoiacha marehemu mama. Mpwa wangu, kijana wa chuo, alishinda nami Jumapili nzima akisikiliza, kisha akaniuliza kwa adabu, "Mjomba, si upige tu kwenye simu?" Nilimjibu kwa kirefu. Jibu lile ndilo ninaloliandika hapa, pamoja na yale niliyoyakumbuka alipokwisha kuondoka.

Ninaamini kwamba kompyuta za nyumbani za miaka ya 1980 zina sauti nzuri kuliko ile iliyotajwa kwenye vitabu vyake vya maelekezo, na kwamba sauti hiyo hupatikana kwa kuipima chipu iliyomo ndani. Siku hizi mtu akilalamika kuwa mashine yake ya zamani inakwaruza, ushauri wa kwanza anaopewa ni kung'oa na kupachika kadi ya sauti ya kisasa. Ushauri huo unakuja mapema mno.

Amiga hii ililetwa na baba mdogo, baharia, akitokea Hamburg mwaka 1990. Enzi hizo kuikuta kompyuta sebuleni kwa mtu hapa Dar ilikuwa nadra sana. Mwaka 1974 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta na televisheni nchini, na hata masharti yalipolegea vifaa havikumiminika. Bara tulisubiri kituo cha televisheni mpaka 1994, ilhali Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi tangu 1973. Ndiyo maana baba mdogo alibeba na monita yake. Umeme haukumpa shida, kwani Ujerumani na sisi sote tunatumia hezi 50.

Ndani ya Amiga kazi ya sauti hufanywa na chipu inayoitwa Paula. Ina chaneli 4, mbili za kushoto na mbili za kulia. Kila chaneli hupokea namba za biti 8, yaani ngazi 256 kutoka chini ya wimbi hadi juu yake. Kila biti huongeza takriban desibeli 6 kati ya mlio mkubwa kabisa na ule mdogo kabisa, kwa hiyo biti 8 zinakupa desibeli 48 hivi, na CD yenye biti 16 inakupa 96. Lakini desibeli hazimwambii mtu kitu mpaka azisikie. Mimi napenda kuhesabu hivi: udi ukishuka hadi sehemu moja ya 64 ya nguvu yake ya mwanzo, kwenye biti 8 unabakiwa na ngazi 4. Ngazi 4 tu za kuchorea wimbi la uzi ambalo halina kona hata moja. Unachosikia ni mkwaruzo, kama mchanga chini ya kandambili kwenye sakafu ya saruji.

Sasa, kila chaneli ya Paula ina volyumu yake, kuanzia 0 hadi 64, na hapo ndipo watu wa Amiga walipoona upenyo. Chukua chaneli mbili za upande mmoja. Ya kwanza ipe volyumu 64, ya pili ipe 1. Ya kwanza ipelekee biti 8 za juu za kila sampuli, yaani kila kipimo kimoja cha wimbi, ya pili biti 6 zinazofuata. Zianzishe kwa amri moja na uzitembeze kwa mwendo mmoja. Kwenye waya wa kutolea sauti zitajumlishana zenyewe. Anayeijua tepu ya seremala ataelewa mara moja: chaneli moja inahesabu sentimita, nyingine inahesabu milimita. Jumla ni biti 14, ngazi 16,384. Ule udi uliokuwa umebakiwa na ngazi 4 sasa una 256, sawa na zile ambazo chaneli moja huwa nazo ikiwa katika nguvu zake zote.

Hakuna kilichochomelewa wala kipuri kilichonunuliwa. Mara ya kwanza nilipoisikia niliinuka kwenye kiti nikaenda kusimama kati ya spika, kwa sababu mwisho wa mlio ulikuwa umerudi.

Ulikuwa umerudi, ila si wote. Tepu ya seremala inafaa tu kama kila sentimita yake ina milimita kumi kamili. Hapa kila ngazi ya chaneli kubwa inatakiwa iwe sawa na ngazi 64 za chaneli ndogo, na chipu hazikutengenezwa kwa usahihi wa namna hiyo. Kuna ngazi pana kidogo na kuna nyembamba kidogo, na kila mawimbi yanapovuka mpaka kati ya moja na nyingine panakuwa na kishindo kidogo. Tena Paula yangu haifanani na ya jirani. Dawa yake ni jedwali: kwa kila ngazi ya chaneli kubwa unaandika chaneli ndogo iongeze au ipunguze kiasi gani. Nililijaza kwa sikio, usiku, pilika za barabara ya Shekilango zikishatulia. Unapiga mlio mmoja mnyofu, wa chini, usio na kitu kingine, unasikiliza mvumo wa pembeni, unabadilisha namba moja, unasikiliza tena. Kazi ile ilinichukua usiku mwingi na sijutii hata mmoja. Nikiulizwa ni wapi ubora wa sauti unakopatikana, nitaonyesha jedwali lile kabla ya kitu kingine chochote.

Lipo pia suala la chujio. Amiga 500 ina chujio linalokata sauti za juu kuanzia kilohezi 3.3 hivi, na limeunganishwa na taa ya umeme ya mashine: taa ikififia, ujue chujio limezimwa. Watu wamekaa na mashine hizi miaka wakidhani zina sauti nzito ya kwenye pipa, kumbe taa inawaka tu. Lizime. Chini yake kuna chujio jingine, pole zaidi, la kudumu, ambalo programu haiwezi kuligusa. Wapo wanaolikata kwa koleo. Mimi nalifidia kabla: kwenye laptop nazinyanyua sauti za juu kwa kiasi, kisha ndipo naigeuza sauti kuwa biti 14. Kufanya hivyo kunakula nafasi ya mlio mkubwa, kwa sababu inabidi nishushe kila kitu ili vilele visigonge dari, na ukiwa na biti 8 nafasi ya kupoteza huna. Ukiwa na 14 unayo.

Nampigia msomaji hesabu ya sekunde 8, maana najua itamshangaza. Natumia sampuli 22,050 kwa sekunde, kila moja baiti 2, upande wa kushoto pekee. Hiyo ni baiti 44,100 kwa sekunde, na kwa sekunde 8 ni 352,800. Kumbukumbu inayofikiwa na Paula kwenye mashine yangu ni kilobaiti 512, na mfumo wenyewe unataka sehemu yake. Kutoka laptop hadi Amiga napitisha kwa kebo ya mfululizo kwa kasi ya biti 19,200 kwa sekunde, na inachukua kama dakika 3.

Kama Amiga ni habari ya kugawana kazi, Commodore 64, kompyuta nyingine ya enzi hizo, ni habari ya kasoro. Ilitoka mwaka 1982 ikiwa na chipu ya SID aliyoibuni Bob Yannes. Chipu ile iliundwa izalishe milio yake yenyewe, mitatu kwa pamoja. Kupiga sauti iliyorekodiwa hakukuwa kazi yake. Lakini ukibadilisha volyumu yake, spika inatoa mlio mdogo wa kugonga, kwa sababu kuna volti inayokaa muda wote kwenye njia ya kutolea sauti. Watunzi wa programu wakaushika mlio ule. Walibadilisha volyumu maelfu ya mara kwa sekunde, na mashine ikatoa sauti ya binadamu, kwa ngazi 16 tu. Baadaye likaja toleo jipya la chipu, 8580, volti ile ikiwa imepunguzwa mno, na sauti zile zikafifia. Kasoro ilirekebishwa, na sauti ikaondoka nayo. Nalifikiria jambo hilo kila ninapoona mtu ameshika koleo.

Mwaka 2014 Pex Tufvesson wa Sweden, anayejulikana kwa jina la Mahoney, alifanya kile ambacho wengine hawakukifanya kwa miaka zaidi ya 30. Rejista ya volyumu, yaani kijisanduku cha namba ndani ya chipu, ina biti 4 za volyumu, na biti 4 nyingine za kuendesha chujio na kunyamazisha mlio wa tatu. Aliituliza ile milio mitatu kwenye volti zisizosogea, akapima kinachotoka kwa kila thamani kati ya zote 256, kisha akazipanga kwa ukubwa. Chipu iliyojulikana kwa biti 4 ikaanza kupiga sampuli zinazokaribia ubora wa biti 8. Atari ST, kompyuta nyingine ya enzi hizo, nayo ilipata sauti yake kwa njia ya jedwali: chaneli 3 zenye ngazi 16 kila moja, michanganyiko 4,096, na mtu mwenye subira ya kuchagua ile inayofaa.

Asiye na mashine hizo aanze na kompyuta ya mezani ya mtumba yenye tundu la printa la zamani, lile pana. Mistari yake 8 ya data, ukiiunganisha kwa rezista zilizopangwa mfano wa ngazi ya kupandia, inakuwa chombo cha biti 8 cha kutolea sauti. Kampuni ya Covox iliuza kifaa cha namna hiyo tangu 1987. Rezista zinapatikana Kariakoo kwa bei ndogo, ila usizichukue na kuzichomelea hivyo hivyo. Rezista ya asilimia 5 ikikosea kwenye biti ya juu kabisa inaweza kuhamisha sauti ngazi 6 nzima, na hapo biti zako za chini zimekwenda bure. Nunua 40, kaa na mita, chagua zinazolingana.

Kadi ya kisasa itatoa sauti safi zaidi ya haya yote, na chipu ikishakufa, badilisha. Unyevu na chumvi ya bahari vya mji huu haviachi kapasita salama. Zangu za njia ya sauti nimezibadilisha. Na yeyote anayeiwasha Commodore 64 iliyokaa kabatini aipime kwanza volti 5 ya adapta yake, kwani ikipanda inaziunguza chipu. Lakini chipu iliyo hai inataka mita na masikio kabla ya koleo. Ukipachika kadi mpya ndani ya Amiga unasikiliza kadi, na mpwa wangu atakuwa na haki ya kunirudisha kwenye simu.

Alikuja tena Jumamosi. Nilimpigia kipande kile kwa biti 8, kisha kwa 14 bila jedwali, kisha kwa 14 na jedwali. Ule wa tatu aliomba urudiwe, akainamia spika. Upande wa kulia bado haujapimwa, nao una chaneli zake na makosa yake. Ameniambia safari hii namba atazibadilisha yeye, mimi nisikilize.