Dramu za kompyuta: treki moja au kumi na sita?

Miaka michache iliyopita nilirekodi kwaya ya mtaani kwetu, nyimbo sita, dramu zote zikiwa za kompyuta. Nilizipiga kwa kibodi ndogo, nikatoa faili moja ya stereo kwa kila wimbo, nikampelekea fundi wa miksi. Baada ya siku mbili akanipigia simu. Kiki, ile ngoma ya mguu, ilikuwa inalifunika gitaa la besi, na kila alipoipunguza pale kwenye hezi 60 hadi 80, eneo la mlio wa chini, tomu, zile ngoma nyingine za mlio mzito, nazo zilipoteza uzito. Akijaribu kuing'arisha snea, ile ngoma ndogo ya mlio mkali, matoazi yanakwaruza masikio. Hakuwa na la kufanya kwa sababu vyote vilikuwa vimeshaiva chungu kimoja. Nikarudi kufungua kila wimbo na kutoa kipande kimoja kimoja. Wiki nzima ikapotea.

Baada ya hapo nilihamia upande wa pili kwa bidii ya mwongofu mpya. Kila wimbo nilianza kwa kufungua treki 16, yaani njia 16 za sauti zinazojitegemea, hata kabla sijapata mdundo. Nilikuwa natumia jioni nzima kuchonga mlio wa snea ya wimbo ambao haukuwa na kiitikio. Nyimbo nyingi zilifia hapo. Kwa hiyo nimeumia pande zote mbili, na sidhani kama hili la kuziacha dramu treki moja au kuzigawa ni jambo la kila mtu na mazoea yake tu.

Kwanza kuna mambo mawili ambayo maprodyuza wengi huyachanganya: noti na sauti. Noti ni amri za MIDI, lugha ya kidijitali inayoiambia kompyuta ipige kipi na lini. Katika mpangilio wa General MIDI, uliotoka mwaka 1991, noti namba 36 ni kiki, 38 ni snea, 42 ni haihati (matoazi mawili yanayofungwa kwa mguu) iliyofungwa na 46 ni haihati iliyofunguka. Amri hizo hazina mlio wowote. Mlio huzaliwa ndani ya plagini, ile programu ndogo yenye milio ya dramu, na plagini ndiyo inayoamua utokee mlango upi. Superior Drummer 3, kwa mfano, ina milango 16 ya stereo. Hivyo unaweza kuwa na treki moja ya noti inayolisha treki kumi za sauti, au treki sita za noti zinazoingia kwenye plagini moja na kutokea mlango mmoja. Mtu akikwambia "nimegawa dramu", muulize amegawa kipi.

Kwa upande wa noti, mimi naziacha pamoja kila ninapotaka dramu zisikike kama zimepigwa na mtu. Mpiga dramu ana mikono miwili na miguu miwili. Ukiziona noti zote kwenye dirisha moja, unagundua mara moja kwamba umempa mikono mitatu: snea, toazi la pembeni na haihati kwa wakati mmoja. Ukizitawanya kwenye treki sita, kosa hilo hulioni, ila msikilizaji atahisi kuna kitu hakiko sawa hata kama hajui ni nini. Singeli ni habari nyingine. Mdundo wa mapigo 200 na zaidi kwa dakika haumwigi mpiga dramu yeyote, na kila mlio kuwa na mstari wake, kama programu ya FL Studio inavyopanga tangu mwanzo, ndiyo njia ya haraka ya kuukata na kuugeuza.

Kuna wanaofika mbali zaidi: wanafungua plagini ileile mara nne, moja ya kiki, moja ya snea, moja ya haihati, moja ya tomu. Hili silishauri. Kumbukumbu ya kompyuta inaweza kubeba mzigo hadi mara nne bila faida. Na ukienda mbali zaidi ukaigawa haihati yenyewe, kumbuka iliyofungwa inatakiwa ikipigwa ikate mlio wa ile iliyofunguka, na hilo hutokea tu zikiwa ndani ya plagini moja. Zikitengana, iliyofunguka itaendelea kulia juu ya iliyofungwa.

Tuje kwenye sauti, ambako ndiko kwenye mvutano wenyewe. Wanaotetea treki moja wana hoja nzito kuliko wanavyopewa sifa. Watengenezaji wa plagini hizi walirekodi dramu halisi kwenye vyumba vizuri, wakazipatanisha wenyewe kabla hazijakufikia. Studio za EMI za Abbey Road, London, zilifanya kazi na mashine za njia nne hadi mwaka 1968, na The Beatles mara nyingi waliziweka dramu njia moja na besi au gitaa. Bendi zetu za miaka ya 1970 zilirekodi Radio Tanzania Dar es Salaam zikipiga wote kwa mkupuo, na dramu zile bado zinachezesha watu. Uamuzi ulifanyika siku ileile, mikono ikiwa bado na joto la wimbo.

Lakini hoja hiyo ina ufa. Watu wale waliweza kusogeza maikrofoni au kumwambia mpiga dramu apunguze mguu. Mimi na kibodi yangu nilichagua mlio ambao ulikuwa mtamu ukiwa peke yake, kabla besi na sauti 30 za kwaya hazijaingia. Ukitaka snea iwe na mwangwi mrefu na kiki ibaki kavu, treki moja haikupi. Ukiweka kompresa, kifaa cha kubana sauti zinapokuwa kubwa, juu ya dramu zote, kila kiki inapogonga huvuta matoazi chini, nayo yanaanza kuhema. Kwa muziki ambao kiki na besi ndizo zinazoubeba wimbo, na wetu mwingi ni wa namna hiyo, naona kuitenga kiki ni lazima.

Gharama yake hata hivyo inahesabika. Treki moja ya mono (chaneli moja) kwa biti 24 na hezi 48,000 hula takriban MB 35 kwa wimbo wa dakika nne, ya stereo (chaneli mbili) MB 69. Treki 10 za mono na 3 za stereo zinafika karibu MB 550. Kwa nyimbo sita ni zaidi ya GB 3 za bando la kupandisha mtandaoni, wakati nyimbo zote sita kwa stereo tupu ni kama MB 415.

Na kugawa kuna mitego yake. Treki ya matoazi si ya matoazi tu: maikrofoni za juu zilinasa dramu nzima, hivyo snea uliyoibadilisha kwenye treki yake bado inalia kama zamani kule juu. Ukizima treki hizo ili upate usafi, dramu zinageuka makopo. Kosa langu la mara kwa mara lilikuwa kukipa kila kipande mlango wake na kuyaacha matoazi yatokee pia mlango mkuu, kisha natoa na stereo ya mlango huo juu yake. Yanasikika mara mbili, na unaanza kuilaumu plagini.

Sasa natunga kwa plagini ikitokea mlango mmoja wa stereo, na siugusi hadi wimbo umalizike na mwimbaji ameshaimba. Hapo ndipo nafungua milango mitano tu: kiki na snea kwa mono, tomu, matoazi pamoja na haihati, na chumba (maikrofoni zilizonasa mwangwi wa chumba) kwa stereo. Programu ya kurekodia ya Reaper hata huuliza kama ikujengee treki za milango hiyo unapoingiza plagini ya aina hii. Kwa wimbo wa dakika nne ni kama MB 277, nusu ya ule mzigo wa kwanza. Katika bongo fleva haihati naitoa peke yake, maana pale si sehemu ya chumba bali ni ala inayojitegemea.

Kwaya ile ilirudi mwaka uliofuata. Fundi nilimpelekea treki tano, stereo yangu ya dramu ili ajue nilichokuwa nakisikia, na faili ya MIDI isiyozidi kilobaiti chache endapo angetaka kubadili mlio wote. Safari hii alipopiga simu, aliuliza kuhusu sauti ya pili ya akina mama kwenye wimbo wa tatu.